Kwotabeki au difensi? Jinsi ya kubishana kuhusu Denver Broncos bila kuumbuka

Kama na wewe ni wa kukesha na Super Bowl, fainali ya futiboli ya Kimarekani, ile inayoanza saa nane na nusu usiku kwa saa za kwetu alafu asubuhi unaenda kazini macho mekundu, basi ushakutana na huu ubishi: ubingwa unaletwa na kwotabeki au na difensi? Mi huwa nabishia kwa Denver Broncos, sababu timu hii ya ligi hiyo ya Marekani ina ushahidi wa pande zote. Wameingia fainali 8, wamebeba 3, wamechapwa 5, na vile vipigo ndo vitamu zaidi kwenye ubishi.

Kwa aliyezoea soka tu: kwotabeki ndo anayepokea mpira kila timu yake inapoanza kushambulia, anaamua arushe au ampe mwenzake akimbie nao. Difensi ni watu wengine 11 kabisa, wanaingia pale mpira ukiwa wa wapinzani, na kwotabeki muda huo kakaa benchi anakunywa maji. Kwaiyo hawakutani uwanjani. Kwenye soka kutenganisha nani kafanya nini ni shughuli, huku unaweza kuhesabu kabisa pointi hii imetoka wapi, na ndo maana mtu akikwambia "aah ni timu nzima" usimkubalie haraka, anakwepa kuhesabu huyo.

Kabla hamjaanza, kubalianeni miaka. Msimu unaanza Septemba alafu fainali inachezwa mwaka unaofuata, mmoja anasema 2015 mwingine anasema 2016 wanaongelea mechi ile ile, nimeshaona watu wanagombana nusu saa nzima kwa ajili ya hicho tu. Mi hapa nataja msimu.

Sasa, usianze na makombe, anza na vipigo. Kwotabeki John Elway aliipeleka Broncos fainali misimu ya 1986, 1987 na 1989, na huko wakafungwa 39-20 na Giants, 42-10 na Washington, 55-10 na 49ers. Kwotabeki ni yule yule anayeitwa bora kuliko wote waliopita Denver, na amerudi mikono mitupu mara tatu. Mtu wa kwotabeki atasema difensi ndo iliyoruhusu pointi 55, we mkubalie alafu muulize: kwaiyo difensi inahesabika, si ndio? Hapo kashajifunga mwenyewe.

Ukiwa upande wa difensi karata yako kubwa ni Peyton Manning, kwotabeki wa baadae, na karata zenyewe ni mbili, zitoe pamoja. Msimu wa 2013 Manning alirusha tachidauni 55 (tachidauni ni kufikisha mpira golini kwa wapinzani), rekodi ya ligi, timu ikafunga pointi 606, nayo rekodi, wakaenda fainali wakakutana na difensi ya Seattle wakalambwa 43-8. Miaka miwili baadae mzee kachoka, mguu unamsumbua, msimu mzima karusha tachidauni 9 na kanyakwa mpira mara 17 (yani pasi yake kudakwa na wapinzani), hadi akawekwa benchi, na msimu huo huo ndo wakabeba ubingwa! Fainali waliwafunga Carolina Panthers 24-10, timu iliyokuwa imepoteza mechi moja tu msimu wa kawaida na ndo iliyoongoza ligi kwa kufunga. Siku hiyo ofensi ya Denver, yani kikosi cha kushambulia, ilipata yadi 194 tu, hakuna bingwa wa Super Bowl aliyewahi kupata chache hivyo, na Manning mwenyewe hakurusha tachidauni hata moja. Von Miller wa difensi ya Denver alimpora mpira Cam Newton, kwotabeki wa Carolina, mwenzake Malik Jackson akauangukia golini, tachidauni. Robo ya mwisho Miller akampora tena, mpira ukaokotwa yadi 4 tu kutoka kwenye mstari, C.J. Anderson wa Denver akamalizia kwa kukimbia nao. Yani tachidauni zote mbili zimetoka kwenye mkono wa Miller, na ndo yeye aliyepewa uchezaji bora wa mechi, sio Manning.

Ila usijione umemaliza, jamaa akiwa anaujua mpira atakujibu hivi, na ni vizuri ujiandae. Kwanza atakupeleka msimu wa 1977, fainali yao ya kwanza kabisa, walikuwa na difensi inaogopwa inaitwa Orange Crush lakini kwotabeki wao Craig Morton alikamilisha pasi 4 tu na akanyakwa mara 4, wakafungwa 27-10 na Dallas. Difensi peke yake, hiyo hapo. Pili atakukumbusha mechi ya mwisho ya msimu wa kawaida 2015 dhidi ya Chargers, mambo yamekwama, Manning akatoka benchi robo ya tatu wakashinda 27-20, na ushindi huo ndo uliowapa nafasi ya kwanza kwenye upande wao wa ligi, kwa hiyo Patriots ikabidi waje Denver kwenye nusu fainali, wakafungwa 20-18. Mechi ile wangeicheza kwa Patriots sijui. Tatu, na hii ndo inauma: Manning alistaafu Machi 2016, Miller na wenzake wengi wakabaki, na bado timu ikashinda 9 ikapoteza 7 ikakosa mchujo, na ikaendelea kuukosa hadi msimu wa 2024 walipompata kwotabeki dogo Bo Nix. Dhidi ya hiyo ya tatu mi sina jibu zuri, huwa nabadilisha mada.

Mtego ambao wengi wanaingia ni misimu ya 1997 na 1998, wanaitoa yote miwili kama ya Elway. Wa 1998 sawa, mpe, fainali alirusha yadi 336, wakawafunga Atlanta 34-19, akawa mchezaji bora. Lakini ule wa 1997, walipowafunga Green Bay 31-24, Elway alirusha yadi 123, tachidauni ya kurusha sifuri. Watu wanakumbuka tu ile aliyoruka akagongwa hewani akazunguka kama feni, wanaiita helikopta, na kweli ilikuwa roho ya ajabu kwa mtu wa miaka 37. Ila mechi ile ni ya Terrell Davis, yule wa kukimbia na mpira: yadi 157, tachidauni 3. Sio kwotabeki, sio difensi. Kwaiyo hesabu yangu makombe matatu yana wenyewe watatu, na ukimtoa Davis mapema kabla mwenzio hajamtaja, nyote wawili mnabaki mnamtafuta pa kumuweka.

Na akikwambia mbona Elway alifunga moja kwa kukimbia mechi ile, mwambie ilivyokuwa. Davis alikuwa kashikwa na kipandauso, haoni vizuri, kocha Mike Shanahan akamwambia ingia tu usimame pale, Green Bay wasidhani tofauti. Elway akajifanya anampa mpira, mabeki wote wakamkimbilia Davis asiyeona, Elway akazunguka pembeni akaingia peke yake.