Somo: kujua mizizi ya polinomia imeachana kiasi gani bila kuitafuta

Wakuu, swali hili limerudi tena, kwa hiyo naliandika mara moja. Atakayeuliza, mtumieni linki.

1. Gawa yote kwa namba iliyo mbele ya kipeo kikubwa, ianze na xⁿ tupu (n ndicho hicho kipeo kikubwa).

2. Chukua a, namba ya mbele ya xⁿ⁻¹, na b, ya xⁿ⁻². Alama zisiachwe.

3. Hakikisha mizizi YOTE ni halisi. Wengi wanaanguka hapa kwa sababu hesabu yenyewe haikushtui. Tazama x⁴ − 1: a na b ni sifuri, hatua ya 4 inakupa umbali 0, kumbe 1 na −1 zimeachana kwa 2! Mizizi mingine, i na −i (i² = −1, si namba halisi), ina miraba hasi inayofuta ile chanya. S ya hatua ya 4 ikitoka hasi, ujue kuna mizizi isiyo halisi. Ikitoka chanya, usishangilie bado. Kwa x³ + px + q, hakikisha D = −4p³ − 27q² si hasi. Kuanzia kipeo cha nne D haitoshi, tumia mbinu ya Sturm (1829) ya kuhesabu mizizi halisi.

4. S = a²(n−1)/n − 2b. Mzizi mkubwa kutoa mdogo hauzidi √(2S).

Mfano: x³ − 7x + 6. S = 14, kikomo √28, yaani 5.29. Mizizi ni −3, 1, 2, umbali 5.

Maswali

*Fomu6:* 2x² − 10x + 12 inanipa 7.2, kitabu kinasema 1. Kanuni yako mbovu.
— Hatua ya 1.

*Mdadisi:* √(2S) inatoka wapi, mkuu?
— Swali zuri. S ni jumla ya miraba ya umbali wa kila mzizi kutoka kwenye wastani. Mizizi ya pembeni ikiachana kwa d, miraba ya hiyo miwili peke yake haishuki chini ya d²/2. Ya kati ikiwa sawa kabisa na wastani, kikomo kinafikiwa: jaribu 1, 2, 3. Mwanahisabati Nagy alilionyesha mwaka 1918.

*Fomu6:* PDF ipo?
— Haipo. Soma hapo juu.

*Mdadisi:* Na pengo dogo kabisa?
— Kwa mfano wetu D = 400, na √D ni zao la mapengo yote: 1 × 4 × 5. Mawili hayazidi √28 kila moja, kwa hiyo dogo halipungui 20/28, karibu 0.71. Mahler (1964) ana kanuni ya vipeo vyote. Ukiandika programu ya kuitafuta mizizi ya mfano huu, kata mstari wa namba vipande vya 0.7: hakuna kipande kitakachobeba mizizi miwili.