Moto Kwanza, Nyama Baadaye: Kupika Kidari cha Ng'ombe kwa Moshi

Karibu kila anayekuja kwangu kujifunza nyama ya moshi huanza kwa kuuliza viungo. Namwambia aviweke kando kwanza, avute kiti, tuwashe moto. Viungo ni chumvi na pilipili manga, basi. Kilichobaki chote ni moto: unavuta hewa kiasi gani, unakula kuni za aina gani, unatoa moshi wa rangi gani. Ukiumudu moto kwa saa kumi au kumi na mbili, kipande kigumu cha ng'ombe kitalainika chenyewe. Ukikushinda, hakuna kiungo kitakachoiokoa nyama.

Nitaeleza kwa kidari, kwa sababu hakuna kipande kinachofundisha kama hicho. Kidari kimebeba uzito wa mnyama maisha yake yote, kwa hiyo kimejaa kolajeni, ile tishu ngumu inayofunga nyuzi za nyama. Ukikichoma harakaharaka juu ya makaa utatafuna mpaka taya zichoke. Lakini ndani ya nyama pakifika takriban nyuzijoto 70 za Selsiasi na kuendelea, kolajeni hugeuka kidogo kidogo kuwa jelatini, na kazi hiyo inataka saa nyingi. Ndiyo maana tunapika kwa moto mdogo. Hiyo jelatini ndiyo inayofanya vidole na midomo vinate mtu anapokula.

Jiko na kuni

Jiko lolote lenye kifuniko linafaa, ilimradi litimize mambo matatu. Nyama isikae juu ya moto moja kwa moja. Pawe na tundu la kuingizia hewa karibu na moto, unaloweza kulifungua na kulifunga. Na moshi utokee upande wa pili, baada ya kuipita nyama. Mimi napenda jiko lenye sanduku la moto ubavuni, kwa kuwa mwanafunzi anauona moto wenyewe badala ya kuukisia. Ukitengeneza jiko kwa pipa, chukua pipa ambalo halijawahi kubeba kemikali, na usitumie chuma kilichopakwa zinki, maana kikipata moto mkali kinatoa mvuke wa sumu. Na jiko likae nje, mahali pa wazi. Si barazani palipozibwa, si gereji yenye mlango wazi. Moto wa kuni na mkaa unatoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, nayo inaua.

Nunua vipimajoto viwili. Kimoja kikae kwenye wavu kando ya nyama, kingine kwa ajili ya ndani ya nyama. Kile cha mviringo kilichofungwa kwenye kifuniko usikitegemee, kinapima hewa ya juu, na nyama haikai huko.

Kuni ziwe za mti mgumu na ziwe zimekauka: mwaloni, mtufaa, mwembe, mpera, miti ya matunda kwa jumla. Gonganisha vipande viwili. Kuni kavu hulia kwa sauti kali, mbichi hutoa kishindo kizito. Tazama na ncha zake, zikiwa na nyufa ni dalili njema. Zipasue ziwe na unene wa kifundo cha mkono. Epuka msonobari na miti mingine yenye utomvu mwingi, na usiguse kabisa mbao zilizopakwa rangi au dawa, wala zile za tabaka zilizogandishwa kwa gundi. Kuhusu kuloweka kuni majini kabla ya kupika, siafiki. Maji hayapenyi ndani, yanachofanya ni kuupoza moto na kuleta moshi mchafu.

Moshi unaotakiwa

Hapa ndipo ninapokaa na mtu muda mrefu zaidi, na ninaomba nawe usipapite haraka.

Kuni zikipata joto, lignini, ile kemikali inayoipa miti ugumu, huvunjika na kutoa kemikali za gwayakoli na siringoli, ambazo ndizo pua inazozitambua kuwa harufu na ladha ya moshi. Moto ukipata hewa ya kutosha, moshi unatoka mwembamba, wa rangi ya buluu hafifu, wakati mwingine huuoni ila hewa inayotetemeka juu ya bomba. Huo ndio unaoutaka. Moto ukinyimwa hewa, kuni zinafukuta badala ya kuwaka, na unapata wingu zito jeupe lililojaa lami. Lami hiyo inaganda juu ya nyama, na ladha yake ni uchungu unaotia ganzi ulimi. Watu wengi wanaosema hawapendi nyama ya moshi walilishwa hiyo.

Kwa hiyo utunze moto mdogo unaowaka kwa ndimi, usiwe moto mkubwa uliokabwa. Anza na mkaa mpaka upate makaa mazuri, kisha weka kipande kimoja cha kuni. Bomba la moshi liache wazi kabisa siku nzima, joto uliongoze kwa tundu la kuingizia hewa na kwa ukubwa wa kuni. Kipande kitakachofuata kiweke juu ya sanduku la moto kipate joto, ili ukikiingiza kishike moto papo hapo. Katika jiko langu naongeza kuni takriban kila dakika 40. Lako litakuwa na mwendo wake, na saa mbili za kulitazama zitakufundisha kuliko maelezo yangu.

Kabla nyama haijaingia, sogea bombani unuse. Moshi ukikukereketa koo, ngoja. Ukiwa mtamu, na joto la wavuni limetulia kwenye nyuzi 120, uko tayari. Likishuka hadi 110 au likipanda hadi 130, usihangaike kulikimbiza. Nyama inajali wastani wa siku nzima.

Nyama

Chagua kidari chenye mafuta yaliyotawanyika ndani ya nyama, kinacholegea ukikinyanyua katikati. Punguza mafuta ya juu yabaki kama milimita 6, na toa lile donge gumu lililo kati ya misuli miwili, kwa maana haliyeyuki. Pembe nyembamba zikate, zitaungua tu.

Chumvi ipime kwa mizani: asilimia 1.5 ya uzito wa nyama, yaani gramu 75 kwa kidari cha kilo 5. Ipake usiku uliotangulia, uiweke nyama kwenye friji bila kuifunika. Asubuhi paka pilipili manga iliyosagwa kwa chengachenga kubwa. Itie jikoni ikiwa bado ya baridi, upande mnene ukielekea motoni. Moshi hushika vizuri zaidi juu ya nyama baridi na yenye unyevu. Ule utepe mwekundu chini ya ganda, yaani tabaka jeusi linalokauka juu ya nyama, ambao watu wanaupiga picha, unatokana na gesi za moto zinazoshikana na mayoglobini, protini inayoipa nyama wekundu wake, kabla joto halijaibadilisha. Unapendeza macho, ila hauna ladha, usiuhukumu upishi kwa huo.

Kwa saa tatu za mwanzo usifunue. Kila ukifunua, joto linatoroka na saa zinaongezeka. Baada ya hapo ukiona kingo zinakauka, nyunyizia maji yaliyochanganywa na siki kidogo, funika.

Halafu litafika jambo linalowatia watu wote wasiwasi. Nyama ikifika kati ya nyuzi 65 na 75, kipimajoto kinasimama. Saa moja, mbili, hata nne, namba ni ileile. Mtu anaanza kuongeza kuni kwa hofu. Usifanye hivyo. Nyama inatoa maji juu, maji yanakuwa mvuke, na mvuke unaondoka na joto sawasawa na lile moto unaloingiza. Mwanafizikia Greg Blonder alilithibitisha hilo kwa kuweka ndani ya jiko sifongo lililoloa na donge la mafuta ya ng'ombe: joto la sifongo lilikwama, la mafuta likaendelea kupanda. Maji ya juu yakipungua, nyama itaendelea na safari yake.

Ukitaka kuisaidia, ifunge. Mimi hufunga ganda likishakuwa jeusi linaloelekea ukahawia na likawa halikwanguki kwa ukucha. Natumia karatasi nene ya bucha isiyopakwa nta wala plastiki, kwa sababu inapitisha mvuke kiasi na ganda linabaki imara. Foili inaharakisha zaidi, lakini inalilowesha ganda, na mimi ganda hilo nimelitunza siku nzima. Ikishafungwa, ladha ya moshi haiongezeki sana, hivyo hata mkaa mtupu unatosha.

Kidari huwa tayari karibu na nyuzi 93 hadi 96, lakini namba hiyo inakuambia tu uanze kupima kwa mkono. Chomeka kijiti au ncha ya kipimajoto sehemu kadhaa. Kikizama kama kwenye parachichi lililoiva, toa. Kikikwama penye msuli bapa, rudisha kwa nusu saa, upime tena.

Sasa ipumzishe. Fungua karatasi dakika kumi hivi mvuke utoke, funga tena, zungushia taulo, weka ndani ya sanduku la barafu lisilo na barafu. Saa moja ni kidogo, saa mbili ndizo ninazozipenda. Nyama isishuke chini ya nyuzi 60, kwa sababu chini ya hapo vijidudu hupata nafasi ya kuzaliana.

Kata kwa kuzipinga nyuzi, vipande vyenye unene wa penseli. Misuli miwili ya kidari ina nyuzi zinazoelekea pande tofauti, kwa hiyo ukifika inapokutana, geuza nyama kabla ya kuendelea. Kipande kizuri kikining'inizwa kidoleni hupinda bila kukatika, na kikivutwa kidogo huachana. Kikimeguka, kimezidi kuiva, kata vipande vinene. Kikivutika kwa nguvu, kata vyembamba zaidi.

Kumfundisha mwingine

Usimpe mtu kidari siku ya kwanza. Mpe kuku. Kwa kuku panda hadi nyuzi 150 au 160 ili ngozi isiwe ya mpira, na ndani pafike 74 penye unene mkubwa. Ndani ya muda mfupi ameona mzunguko mzima: kuwasha, kusafisha moshi, kupima, kukata. Wiki inayofuata mbavu, kisha kidari.

Akiwa kwako, mkabidhi tundu la hewa nawe ukae mbali kidogo. Mwache aone moshi ukigeuka mweupe, muulize anadhani moto unataka nini. Mimi sina siri ninayoificha, kwani hata mtu akijua kila kipimo changu bado atahitaji kukaa na moto wake. Kwangu aliyetunza moto ndiye anayepata kipande cha kwanza, cha upande wenye mafuta, kabla ya mgeni yeyote.

Kwa hesabu ya wageni: kilo 5 mbichi, baada ya kupunguza mafuta na kupika, hubaki takriban kilo 2.5 hadi 3. Andaa gramu 500 mbichi kwa kila mtu na hakuna atakayeondoka na njaa. Anza mapema kuliko unavyodhani, kwa sababu kidari kilichowahi kinaweza kusubiri kwenye taulo, ila wageni hawasubiri kidari kilichochelewa.

Kitakachobaki kiingie kwenye friji ndani ya saa mbili, kikiwa kipande kizima, maana kikikatwa hukauka. Siku ya kukila kifunge kwenye foili pamoja na mchuzi wake, kipashe taratibu kwa nyuzi 120 mpaka ndani pafike 74. Mafuta yaliyochuruzika yachuje uyahifadhi kwenye chupa, utayapaka kwenye karatasi ya kidari kinachofuata.