Kabla ya Tofali la Kwanza: Jinsi ya Kuomba Kibali na Usajili wa Shule ya Hisani ya Kanisa

Mimi ni katibu wa kamati ya ujenzi katika usharika mmoja wa kijijini, Kanda ya Kati ya Tanzania. Marafiki zetu wa usharika rafiki huko Marekani walitutembelea wakati wa kiangazi, wakaona watoto wanaotembea saa moja na nusu kwenda shule, wengine bila hata kikombe cha uji. Waliporudi kwao wakachanga. Fedha zikaja, tukafyatua tofali, madarasa manne yakasimama, yakaezekwa na kupakwa rangi. Halafu yakakaa na kufuli miezi 19, kwa sababu hatukuwa na karatasi hata moja inayosema pale ni shule.

Naandika kwa ajili ya kamati nyingine, iwe ya usharika, parokia au msikiti, iliyopata wafadhili wa nje na inataka kuanza kesho. Fomu zenyewe hazina ugumu, hivyo sitazieleza moja moja. Nitakaa zaidi pale tulipoumia.

Anzeni na jina la mwombaji

Kikwazo kilichotugharimu kuliko vyote kilikuwa jina. Usharika si chombo chenye utu wa kisheria. Hauwezi kumiliki ardhi wala shule. Mwenye uwezo huo ni Bodi ya Wadhamini iliyosajiliwa RITA (Wakala wa serikali wa Usajili, Ufilisi na Udhamini) chini ya Sheria ya Muunganisho wa Wadhamini, Sura ya 318, na kwa makanisa mengi bodi hiyo iko ngazi ya dayosisi au jimbo. Sisi hatukulijua hilo. Shamba lilikuwa bado kwa jina la mzee aliyelitoa, akaunti ya benki ilikuwa ya usharika, na barua ya makubaliano na wafadhili alisaini mchungaji kwa jina lake. Fomu ya maombi tukajaza jina la nne, lile tulilotaka kuandika kwenye kibao cha shule.

Maombi yalirudi. Tukasahihisha fomu, yakarudi tena, maana viambatisho havikufanana na fomu.

Kwa hiyo, kabla ya hatua nyingine yoyote, nendeni makao makuu ya dayosisi mkaombe nakala ya hati ya usajili wa wadhamini. Lisomeni jina lilivyoandikwa, neno kwa neno, kisha jina hilohilo litumike kwenye ardhi, benki, mkataba wa ufadhili na maombi. Ulizeni pia kama orodha ya wadhamini iliyoko RITA ni ya sasa. Yetu ilikuwa na wazee wawili waliokwisha kutangulia mbele ya haki, na hakuna aliyekuwa amepeleka taarifa. Kuwabadilisha kulihitaji kikao halali cha dayosisi, muhtasari, viapo, picha za wadhamini wapya na ada. Miezi mitano ilikwenda hapo, na hakuna ofisa wa kulaumiwa. Mabadiliko ya wadhamini yanapaswa kupelekwa yanapotokea, na sisi hatukuyapeleka.

Kuna wanaoshauri msajili NGO ili mkwepe urefu wa dayosisi. Inawezekana, chini ya Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali Na. 24 ya 2002, lakini mjue mnachokichukua: taarifa na hesabu za kila mwaka kwa Msajili, na kwa mujibu wa kanuni za 2018, mkataba wa ufadhili unaozidi shilingi milioni 20 unawasilishwa ndani ya siku 10 tangu kusainiwa. Msiwe na vyombo viwili vinavyodai shule moja. Nimeona kijiji jirani kinagombana kwa sababu hiyo mpaka leo.

Ardhi: neno la mzee halitoshi

Mzee wetu alitoa ekari sita kwa moyo mweupe, mbele ya ibada, na watu wakapiga vigelegele. Ibada ile haikuacha maandishi. Alipougua, watoto wake wawili waliokuwa mjini wakauliza, kwa haki kabisa, nani aliwashirikisha.

Fanyeni hivi. Mtoaji, mwenzi wake na watoto wazima wote wasaini hati ya kutoa ardhi mbele ya mashahidi. Halafu jambo lipelekwe Halmashauri ya Kijiji na baadaye Mkutano Mkuu wa Kijiji, kwa kuwa chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 Halmashauri ya Kijiji haigawi ardhi bila idhini ya Mkutano Mkuu. Muhtasari uonyeshe tarehe, akidi, ukubwa wa eneo, mipaka na jina la mpokeaji, yaani lile jina la wadhamini. Orodha ya mahudhurio yenye saini iambatishwe, na mhuri wa kijiji ukae juu ya saini, si pembeni. Wa kwetu ulikaa pembeni ya karatasi na tukaambiwa turudie. Baada ya hapo afisa ardhi wa wilaya atawaeleza aina ya hati inayowafaa, maana chombo kinachotoka nje ya kijiji hakiombi kama anavyoomba mwanakijiji.

Wafadhili wakiomba hati iandikwe kwa jina lao ili wawe na uhakika na fedha zao, waelezeni mapema na kwa upole kwamba haiwezekani. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 hairuhusu asiye raia kugawiwa ardhi isipokuwa kwa uwekezaji kwa utaratibu wake maalumu. Uhakika wao uwekwe kwenye mkataba.

Vibali vitatu

Watu wengi hudhani kuna kitu kimoja kiitwacho usajili. Viko vitatu, na vinafuatana: kibali cha kujenga shule, uthibitisho wa mwenye shule na meneja wa shule, na mwisho usajili wenyewe. Vyote vinatoka kwa Kamishna wa Elimu chini ya Sheria ya Elimu, Sura ya 353, na maombi siku hizi huingizwa kwenye mfumo wa wizara mtandaoni. Msikimbilie Dodoma. Mimi nilipanda basi mara mbili mpaka Mtumba, ziliko ofisi za wizara, na mara zote mbili nikaambiwa, kwa heshima, kwamba kinachosubiriwa kiko wilayani kwangu. Anzeni na afisa elimu wa halmashauri na ofisi ya wathibiti ubora wa shule ya wilaya. Andikeni jina la kila mliyezungumza naye na tarehe.

Kibali cha kujenga kinatangulia tofali. Sisi tulijenga kwanza, kwa ramani aliyotuchorea muumini mmoja wa kule Marekani, fundi stadi aliyefanya kazi hiyo bure kwa upendo. Ramani haikuwa imepitishwa na mhandisi wa halmashauri. Alipokuja kukagua, majengo yakiwa yamekwisha, hakuweza kuona msingi. Ikabidi tuchimbe mashimo kando ya kuta ili apime kina na zege. Madarasa mawili yalipita. Mengine mawili tuliyaongezea nguzo kwa fedha zilizokuwa zimetengwa kununulia madawati.

Choo ndicho kilichotuumiza zaidi. Kiwango ni tundu moja kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25. Darasa la msingi huhesabiwa watoto 45, hivyo madarasa yetu manne ni watoto 180. Wakiwa nusu kwa nusu, wasichana 90 wanahitaji matundu matano na wavulana 90 matundu manne. Tulikuwa na matundu manne kwa wote, pamoja na walimu. Afisa afya hakusaini, na alikuwa sahihi. Msichana wa darasa la sita asiye na mahali pa staha pa kujisitiri siku zake za mwezi hukaa nyumbani, na shule hii tuliijenga kwa ajili yake. Pigeni hesabu ya vyoo mkiwa na kalamu, kabla ya kuchora darasa. Wekeni pia choo cha walimu peke yake, chumba cha wasichana chenye maji, na njia ya mteremko kwa mtoto mwenye kiti cha magurudumu.

Meneja mchagueni kwa elimu na uadilifu wake. Kwetu wazee walitaka nafasi hiyo apewe aliyechanga sana. Tulikataa, ikaleta ubaridi kanisani kwa muda, lakini vyeti vyake visingepita.

Wakati wa kusubiri mtasukumwa mwanze kufundisha kidogokidogo. Msikubali. Shule bubu, yaani isiyosajiliwa, hufungwa, na watoto wake hawana namba ya PREM (mfumo wa taifa wa kumbukumbu za wanafunzi wa msingi) wala kituo cha mtihani. Darasa la Nne likifika Upimaji wa Kitaifa, mtoto wa maskini mliyemwahidi elimu anakosa pa kukaa. Sisi tulifundisha Shule ya Jumapili tu kwenye madarasa yale. Wazazi walinung'unika, nasi tuliwaelewa.

Bweni na yatima

Wafadhili wengi wanapenda kusikia kwamba shule ina bweni la yatima. Haya ni mambo mawili yenye milango miwili. Makao ya watoto yanahitaji leseni ya ustawi wa jamii chini ya Sheria ya Mtoto ya 2009, na usajili wa shule hauyafuniki. Aidha, tangu Machi 2023 serikali imepiga marufuku bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne. Mtoto mwenye bibi au shangazi anayempenda abaki naye, na fedha za kitanda zinunue uji wa mchana na sare. Tuliwaandikia hivyo marafiki zetu. Mwanzoni walisikitika. Walipofika tena na kukaa jikoni kwa bibi mmoja anayelea wajukuu wanne, hawakuuliza habari za bweni tena.

Mkataba na wafadhili

Taasisi ya hisani ya Marekani yenye hadhi ya 501(c)(3), yaani iliyosamehewa kodi ya mapato kwa kazi yake ya hisani, inawajibika kwa mamlaka ya kodi ya kwao kuonyesha fedha zilifanya kazi iliyokusudiwa. Wakidai risiti ya misumari, si kwamba hawawaamini. Mkataba ugawanye fedha kwa awamu zinazofuata vibali: awamu ya kwanza kwa upimaji wa ardhi, ramani na ada, ya pili baada ya kibali cha kujenga, na kuendelea. Tungeanza hivyo, madarasa yasingetangulia kibali. Ombeni mishahara ya walimu ya miaka mitatu ya mwanzo iandikwe humo pia. Ni rahisi kumpata mtu wa kutoa darasa lenye jina la mama yake, na ni vigumu kumpata wa kulipa mwalimu mwezi wa Februari.

Wakitaka kutuma kontena la vitabu na kompyuta zilizotumika, waombeni wasubiri mpaka msamaha wa ushuru uwe mkononi kwa maandishi. Mzigo ukifika bandarini kabla ya karatasi, gharama za kuhifadhi huhesabiwa kwa siku. Na kijana wao anayekuja kujitolea kufundisha asije kwa viza ya utalii. Aombewe kibali cha kazi na kibali cha ukaazi daraja C, na maombi yaanze akiwa bado kwao.

Namba ya usajili ikitoka, siku hiyohiyo pelekeni nakala kwa afisa elimu, fungueni kumbukumbu za wanafunzi kwenye PREM, na watumieni wafadhili nakala, maana awamu ya mwisho inaisubiri. Yetu ilitoka Alhamisi. Jumatatu yake tuliandikisha watoto 41 wa darasa la kwanza, na mzee aliyetoa shamba aliletwa kwa baiskeli akaketi mlangoni akiwahesabu wanavyoingia.