Jinsi ya kutambua chuma chakavu kabla hujakichomelea

Kuna dogo pale karakana alinishikia mzigo wa skrepa akitaka kujua kipi kinachomeleka na kipi cha kuuza tu, nikamwonyesha hivi, nawawekea na nyie.

1. Piga tupa mpaka kutu na rangi vitoke. Nyekundu ni shaba nyekundu, njano ni shaba njano (imechanganywa na zinki), nyeupe nyepesi mkononi ni aluminiamu.

2. Sumaku. Hapa ndo watu wengi wanapotea kwa hiyo soma taratibu. Wengi wanaamini ikishika basi sio stenlesi, sio kweli. Stenlesi zina namba za aina: 304, yenye kromiamu kama 18% na nikeli kama 8%, ndo haishiki, ila 430 haina nikeli ya maana na inashika kabisa, na bado ni stenlesi halali. Halafu hata 304 yenyewe ikishakunjwa baridi, kwenye kona inaanza kuvuta kidogo, nimeona mtu anarudisha sinki dukani kwa sababu hiyo na sinki lilikuwa zima, so pima sehemu bapa ambayo haijakunjwa. 430 ni bei rahisi lakini kutu inaiwahi, kwa hiyo geti la nyumba ya karibu na bahari, Tanga au Mombasa, mi siweki 430 hata mteja akilia bei, naweka 316 ambayo ina molibdenamu na inavumilia chumvi.

3. Grenda. Mi naamini cheche kuliko sumaku. Chuma laini kinatoa cheche ndefu za njano, chenye kaboni nyingi zinapasuka matawi matawi, kasti (chuma cha kusubu, kaboni 2 mpaka 4%) fupi nyekundu. Kasti usiichomelee na rodi ya kawaida, itapasuka pembeni ya weldi, tumia rodi ya nikeli na uipashe moto kwanza. Aluminiamu usiiguse na jiwe la kusagia chuma, linaziba.

4. Galvanaizi, yaani chuma kilichopakwa zinki. Zinki inachemka kwenye nyuzi 907 na chuma kinayeyuka karibu 1,500, maana yake zinki inageuka moshi mweupe kabla hujaunganisha chochote. Ukiuvuta, usiku unatetemeka kama mwenye malaria. Jamani maziwa mnayokunywa hayazuii huo moshi! Saga zinki yote sehemu ya kuunga, vaa barakoa yenye filta, fanyia kazi nje.

5. Andika jina kwa chaki palepale, shaba weka gunia lake.