Kukadiria Tc (joto ambalo juu yake mvuke haugeuki kimiminika hata ukibanwa) ya metili oleati bila kununua programu

Mwanafunzi mmoja wa uhandisi kemia aliniletea modeli ya kompyuta ya kiwanda kidogo cha biodizeli, malighafi ikiwa mafuta yaliyochoka ya wakaanga chipsi wa Sinza. Mnara wa kunereka ulikuwa umegoma kabisa kukokotoa. Tulivyoenda ni hivi.

1. Punguza orodha. Mafuta ya chipsi hapa Dar mengi ni mawese, kwa hiyo anza na asidi za palmitiki na oleiki.

2. Metanoli (inayochanganywa na mafuta) na gliseroli (inayobaki pembeni) usizikadirie. Zilishapimwa, chukua NIST WebBook, hifadhi ya data za kemia mtandaoni, ni bure.

3. Metili oleati, sasa, yaani biodizeli itokanayo na asidi ya oleiki. Njia ya Joback, inayojumlisha mchango wa kila kundi la atomi kwenye molekuli, inataka uhesabu makundi: CH3 mbili, CH2 kumi na nne, =CH− mbili, COO moja. Kaboni zifike 19, zisipofika rudia.

Kiwango cha kuchemka (Tb): 198.2 + 2(23.58) + 14(22.88) + 2(24.96) + 81.10 = 697 K. Kilichopimwa ni kama 617 K! Joback anaipa kila CH2 uzito uleule, ilhali mnyororo ukirefuka, kila CH2 inayoongezeka hupandisha joto la kuchemka kidogo kuliko iliyoitangulia.

Kosa hilo halibaki hapo. Tc = Tb ÷ (0.584 + 0.965S − S²), na S, jumla ya michango ya makundi kwenye Tc, = 2(0.0141) + 14(0.0189) + 2(0.0129) + 0.0481 = 0.3667. Weka 697 upate 867 K. Weka 617 upate 768 K. Ndiyo maana mimi Joback namwachia S tu, Tb natafuta iliyopimwa.

Lakini soma kanieneo. Majedwali mengi yanaandika 218 °C, na pembeni kwa herufi ndogo: milimita 20 za zebaki. Kijana aliichukua kama ya kanieneo ya kawaida ya hewa, yaani 491 K badala ya 617. Mnara ulikuwa na haki ya kugoma.

4. Trioleini (molekuli ya mafuta yenye asidi tatu za oleiki) usimpelekee Joback hata kwa majaribio. Atakwambia inachemka 1690 K, wakati dhahabu yenyewe huyeyuka 1337 K, na Tc atakupa 4020 K. Mafuta yatakuwa yameshavunjika zamani. Tumia njia inayogawa molekuli kuwa kiini cha gliseroli na minyororo ya asidi.

5. Jaza tarakimu kwenye DWSIM, programu ya kuiga viwanda, nayo hailipishwi. Kwenye kutenganisha gliseroli chagua NRTL au UNIFAC, modeli za michanganyiko ya vimiminika. Modeli ya Peng-Robinson ya kawaida haiwezi metanoli na gliseroli.