Wifi ya nyumbani inasuasua? Fanya haya kabla ya kuongeza paketi

Hapa Kampala wifi ikianza kuzunguka tu mtu anakimbilia kupandisha paketi, analipa zaidi kila mwezi na chumba cha nyuma YouTube bado inakwama vilevile. Pima kwanza. Simama karibu kabisa na ruta, fungua fast.com kwenye simu, angalia namba, halafu nenda kule inakosumbua upime tena. Kama hata karibu na ruta namba ni mbovu, hiyo ni laini inayoingia, sumbuana na kampuni. Ila kama karibu iko poa na chumbani imekufa, laini haina kosa, na mara nyingi utatengeneza bila kutoa hata shilingi.

Kubwa kuliko yote ni mahali ruta ilipokaa. Fundi wa faiba anaiacha pale kebo ilipoingilia, nyuma ya tivii kwenye kona ya sebule, matokeo yake jirani anapata wifi nzuri kuliko mtoto wako. Ivute katikati ya nyumba, iweke juu, mbali na friji na maikrowevu, na usiifungie kabatini eti inaharibu urembo wa sebule. Matofali na zege vinakula mawimbi vibaya, ukuta mmoja sawa, mitatu sahau, na mlango wa chuma ndio kabisa.

Wenye ruta za laini ya simu mna kazi mbili, maana yenyewe inataka dirisha linalotazama mnara na nyumba inataka ikae katikati. Mpe mnara kwanza, hasa kama paa ni la mabati. Ingia kwenye ukurasa wa ruta (mara nyingi ni 192.168.8.1 au 192.168.1.1, anwani imeandikwa kwenye stika chini yake) utafute RSRP, yaani nguvu ya mawimbi ya mnara: karibu na -80 ni safi, ikishuka kufika -110 ipeleke dirisha jingine. Jaribu madirisha yote, tofauti inashangaza.

Halafu kuna yale majina mawili ya wifi, moja lina 5G mwishoni. Hiyo siyo 5G ya minara, ni masafa ya 5GHz tu, yana kasi ila hayapendi kuta, 2.4GHz ni polepole ila inafika mbali. Tivii na laptopu za sebuleni ziweke 5GHz, walio mbali wabaki 2.4. Na kama unakaa kwenye mizigo (vile vyumba vya kupanga vilivyoungana) au apatimenti za Ntinda ambako simu inaonyesha wifi ishirini za majirani, hiyo 2.4 imejaa, pakua apu ya kuchunguza wifi uone chaneli ipi ina watu wachache, kisha kwenye ukurasa wa ruta chagua kati ya 1, 6 na 11 tu kwa sababu hizo hazipandiani, upana wa chaneli weka 20MHz.

Repita, kile kifaa cha kuchomeka kinachorudia wifi ya ruta, mimi siipendi sana. Zile za bei rahisi zinapokea na kutuma kwa redio ileile, kwa hiyo kasi inakatika karibu nusu, na watu wanaichomeka kwenye chumba chenye wifi mbovu, sasa itarudia nini kama yenyewe haipati kitu? Ukishainunua, iweke katikati ya njia. Kwa bois kota au ghorofa ya juu bora uvute kebo ya Cat5e au Cat6, inafanya kazi vizuri hadi mita 100, upande wa pili unafunga ruta ya zamani iliyolala kwenye droo: zima DHCP yake (kazi ya kugawia vifaa anwani, hiyo inabaki kwa ruta kubwa), ipe anwani tofauti na ile kubwa, kebo iingie tundu la LAN siyo WAN, jina na paswadi ziwe zilezile. Kebo inayopita nje nunua ya nje, jua linakausha ganda la ile ya kawaida.

Paswadi badilisha kama mtaa mzima unaijua, usalama weka WPA2 au WPA3.

Na umeme ukikatika wifi inaenda nao hata kama faiba iko hai, kwa hiyo yupiesi (UPS, betri ya akiba) ndogo ya ruta ni hela iliyotumika vizuri, ila soma kwanza adapta ya ruta yako kama ni 9V au 12V, kisha ndiyo uende dukani.