Jinsi ya kusoma upepo na mawimbi kabla hujaingiza kayaki ziwani

Wasee wa Nairobi tumeanza kupenda kayaki kweli kweli, ile mitumbwi myembamba ya kupiga kasia, siku hizi Jumamosi alfajiri ukishuka barabara ya Mai Mahiu hukosi kuona gari imefunga kayaki kwa keria ikielekea Ziwa Naivasha, na mimi nafurahi sana kuona hivyo. Lakini kuna kitu kinanitia wasiwasi kila nikiwa kule. Mtu anafika, anasimama ukingoni, anaangalia yale maji ya mbele ya miguu yake, anaona yametulia, anaingia. Maji ya hapo uliposimama hayakwambii kitu kuhusu maji ya kilomita mbili mbele. Na kuna upepo mmoja hasa nataka tuuongelee leo, ule unaokupiga mgongoni ukiwa umesimama ukitazama ziwa, juu huo ndo ulinifunza haya yote.

Ilikuwa Februari, saa saba mchana, mimi na binamu yangu, Naivasha. Tuliingilia mahali penye migunga mirefu nyuma yetu, maji yalikuwa yamelala kabisa, tukapiga kasia tukiongea tu, mwendo ukawa mtamu sana na tukadhani ni mikono yetu imekuwa na nguvu. Baada ya dakika 20 hivi tukasema turudi. Tulipogeuza pua za kayaki ndo tukaona ziwa lenyewe, povu jeupe kila mahali linakuja usoni. Kurudi tulichukua saa moja na nusu. Binamu yangu alipinduka mara mbili na ile mara ya pili nilimshika mkono nikaona unatetemeka, sitasahau. Tulipofika, mzee mmoja mvuvi alikuwa ametukalia pale akitungoja, alituuliza swali moja tu, "Vijana wangu, mlitazama juu ya miti?" Tukamwambia hapana mzee. Akatuonyesha. Chini pale tulipokuwa hata jani halikuwa linatikisika, lakini vilele vya migunga vilikuwa vinayumba vibaya sana.

Sasa elewa kilichotokea hapo ndo uelewe mambo mengine yote. Upepo ukitoka nchi kavu kuingia ziwani, miti na vilima vinaukinga, kwa hivyo karibu na ukingo kunakuwa na kipande cha maji yaliyotulia. Ukipita hicho kipande unakutana na upepo wenyewe, na kadiri unavyoenda mbele ndivyo umbali ambao upepo umekimbia juu ya maji wazi unavyoongezeka, na mawimbi yanakua. Alafu kwa sababu unasukumwa kutoka nyuma, unaona migongo ya mawimbi tu, ile sehemu yenye povu imeangalia upande ule mwingine. Hata usoni husikii upepo kwa sababu unatembea nao. Upepo unaokuja kutoka ziwani kukupiga usoni unatisha lakini ni mkweli, unaona ubaya wote kabla hujaingia na ukishindwa unakurudisha nyumbani. Wa mgongoni unakupeleka mbali na gari lako.

Mawimbi yanatengenezwa na vitu vitatu: nguvu ya upepo, muda ambao umevuma, na ule umbali wa maji wazi niliosema. Ndo maana upepo uleule unaweza kuwa poa Naivasha ambako ng'ambo iko karibu, alafu ukawa hatari Ziwa Victoria lenye ukubwa wa kilomita za mraba 68,000 na zaidi. Lakini usidharau ziwa dogo pia. Naivasha na ile ghuba ya Winam ya Ziwa Victoria upande wa Kisumu ni maji ya kina kifupi, na maji ya aina hiyo yanatoa mawimbi mafupi yaliyosimama kama ukuta, yanafuatana kila sekunde 2 hadi 4, hupati nafasi ya kupumua. Mtu aliyezoea mawimbi marefu ya bahari kule Diani akija huku anashangaa, wimbi ni la nusu mita tu lakini linampiga, linafuata lingine kabla hajanyooka. Na wimbi huvunjika likifika mahali kina cha maji kimekaribia kimo chake, hilo la nusu mita litakuvunjikia kwenye maji ya sentimita 65 hivi, kwa hivyo ukiona mstari wa povu mahali mbali na ukingo ujue hapo chini kuna fungu la mchanga au kitu.

Tuje kwa kupima. Huhitaji mashine, maji yenyewe yanakwambia. Mwaka 1805 afisa wa jeshi la maji la Uingereza anaitwa Francis Beaufort alitengeneza kipimo cha upepo ambacho bado mabaharia wanakitumia, na sehemu yake inayotuhusu sisi ni ndogo tu. Maji yakiwa na vikunjo vidogo bila povu, upepo uko chini ya kilomita 12 kwa saa, ingia. Ukianza kuona povu hapa na pale, hesabu povu moja, tatu, tano, hapo ni kati ya 12 na 19, na kwa mtu anayejifunza huo ndo mpaka, kaa karibu na ukingo. Povu likiwa limetapakaa kila upande unapotazama, ni 20 hadi 28, na mimi mwenye miaka kadhaa ya kupiga kasia siku hiyo nakunywa chai nikiangalia. Rusharusha za maji zikianza kupeperuka, miti midogo inayumba yote, umepita 29. Jambo ambalo wengi hawajui ni kwamba upepo ukiongezeka mara mbili, nguvu yake ya kukusukuma inaongezeka mara nne. Kutoka 12 kwenda 24 si kuongeza kidogo, ni ziwa lingine kabisa.

Kazi ya kusoma upepo inaanza ukiwa bado Nairobi. Alhamisi usiku fungua apu ya upepo kwa simu, na usiangalie ile namba kubwa ya wastani peke yake, angalia namba ya vishindo, ule upepo wa ghafla, juu ndo utakaokupindua. Kama wastani ni 14 na vishindo ni 30, mimi naahirisha. Kwa Ziwa Victoria idara ya hali ya hewa hutoa utabiri kwa ajili ya wavuvi, usome. Lakini utabiri wa simu hauoni kile kilima kilicho kando ya ziwa lako, kwa hivyo endelea kusoma ukiwa barabarani, bendera za petroli steshoni, moshi wa wachoma mahindi, vumbi la Mai Mahiu linazunguka au limelala, na ukikaribia Naivasha tafuta ule mvuke mweupe wa Olkaria, kule kwenye mitambo ya umeme wa mvuke wa ardhini. Huo mvuke mimi naupenda sana. Ukipanda wima kama nguzo hali ni shwari, ukiwa umelazwa upande mmoja unakuonyesha upepo unaelekea wapi hata kabla hujayaona maji.

Ukifika usishushe kayaki bado. Simama dakika 15. Jiulize upepo unanipiga usoni au mgongoni, alafu fanya kama yule mzee, tazama vilele vya miti. Panda mahali palipoinuka kama papo uone katikati ya ziwa na siyo ukingo tu, na kama una darubini ya kutazamia ndege itakusaidia sana. Ukiona ule mstari wa mbali maji yanapokutana na anga umekuwa na meno meno kama msumeno badala ya kunyooka, huko kuna mawimbi makubwa hata kama mbele yako ni shwari. Uliza wavuvi, lakini usiulize "leo ni salama?" juu wao wana boti kubwa na injini na watakujibu kwa boti yao. Uliza "mzee, upepo huwa unaingia saa ngapi na unatokea wapi?" Hapo utapata jibu la dhahabu.

Saa zina maana kubwa. Mchana nchi kavu inapata moto haraka kuliko maji, hewa ya nchi kavu inapanda na ile ya ziwani inakuja kuchukua nafasi yake, kwa hivyo mchana upepo wa ziwa unaingia nchi kavu. Usiku inageuka. Wavuvi wa Ziwa Victoria wametumia hii toka zamani, wanatoka na upepo wa nchi kavu na wanarudi na matanga mchana upepo wa ziwa ukiwasukuma. Kwako wewe wa kayaki maana yake ni kwamba asubuhi mapema kwa kawaida ndo wakati wa maji kulala, ingia saa moja, saa nne unusu uwe unarudi. Kisumu mchana ule upepo umekimbia ghuba nzima kabla haujafika Dunga, ukiona mawimbi pale bichi saa nane usishangae. Na kumbuka ule wa asubuhi ni wa mgongoni, hata ukiwa mdogo.

Lakini usiibebe hii kanuni kila mahali. Turkana iko kinyume, upande wa Loiyangalani upepo huwa mkali usiku mpaka asubuhi, unashuka kutoka Mlima Kulal na kuelekea ziwani, yaani ni wa mgongoni na ni mkali kwa pamoja. Kule karibu ndo wameweka mitambo 365 ya umeme wa upepo, si bure. Mwaka 1934 watu wawili wa msafara wa Vivian Fuchs, mtafiti Mwingereza, walivuka kwenda Kisiwa cha Kusini na hawakuonekana tena. Ziwa hilo usilifanye la kujifunzia, ata kama uko na picha nzuri kichwani.

Ukishaingia, dakika kumi za kwanza piga kasia ukielekea upepo unakotoka, hata kama safari yako ni ya upande mwingine. Chagua mti ukingoni uone kama kweli unauacha nyuma au umekwama palepale. Alafu zungusha kayaki duara zima. Kayaki nyingi upepo ukiwa mkali hutaka kugeuza pua ziutazame, kwa hivyo ukishindwa kuigeuza itazame kule unakotaka, rudi, siku hiyo imekushinda na ni sawa. Kimo cha wimbi pia utakipima ukiwa umekaa. Macho yako yako kama sentimita 75 juu ya maji, ukiwa katikati ya mawimbi mawili na wimbi linakufichia ng'ambo yote, hilo limezidi sentimita 75. Mwenzako akipotea kichwa chote ukawa unaona ncha ya kasia tu, msisubiri kuongea, geukeni.

Kuwa makini na rasi. Upepo ukizunguka rasi unabanwa unaongeza kasi, na kwenye mawe au ukuta mawimbi yanagonga na kurudi, yanakutana na yale yanayokuja, maji yanaruka juu bila mpangilio. Zunguka mbali kidogo. Naivasha kuna shida nyingine ya peke yake, ile sehemu yenye kinga ya upepo karibu na mafunjo ndo hapohapo kiboko anakaa, kwa hivyo huwezi kusema tu nitajibanza ukingoni. Pia maji yalipanda miaka ya karibuni yakaua miti mingi, na visiki vingine vimezama kidogo tu chini ya maji, wimbi likikushusha juu ya kisiki utajua. Enda na mtu anayejua mahali viboko wako siku hiyo.

Mvua ya radi ndo haijadiliwi. Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba mawingu yanajengeka mchana, tazama lile linalopanda kama koliflawa na chini yake ni jeusi. Dalili ya kuogopa ni upepo uliokuwepo kukatika ghafla, alafu unasikia baridi na harufu ya mvua, na kwa mbali unaona mstari mweusi juu ya maji unakuja. Huo mstari ni upepo, na unaweza kutoka upande tofauti kabisa na ule uliopanga safari nao. Sauti ya radi inatumia sekunde 3 kufika kilomita moja, lakini usikae kuhesabu, ukisikia tu tafuta nchi kavu na ungoje nusu saa baada ya ngurumo ya mwisho.

Na kama umeshakosea, umesukumwa na mikono imeisha, laifjaketi iko kifuani (kama haiko kifuani hukupaswa kuwa ndani), usipigane na upepo kurudi ulikoanzia. Sisi na binamu yangu kosa letu la pili lilikuwa hilo, tuling'ang'ania kurudi palepale kwa sababu gari lilikuwa palepale. Kata upepo kwa pembeni kidogo kidogo uelekee ukingo wowote unaofikika ambao hauna kiboko, shuka, vuta kayaki juu ya nyasi, piga simu kwa mtu uliyemwambia utarudi saa ngapi, alafu tafuta bodaboda ikupeleke kwa gari. Kayaki utaifuata kesho saa moja asubuhi.